Dawa ya miche ya "kuza na kinga" kwenye chupa moja: nimeitumia kitaluni, haya maoni yangu

Wadau wa vitalu, leo naongelea hizi dawa za maji za miche zinazouzwa kama za kukuza na kukinga kwa mpigo mmoja, yaani ile chupa ambayo lebo inasema ndani kuna homoni za ukuaji wa mmea (auksini, jiberelini, sitokinini), dondoo la mwani na asidi ya salisiliki, unachanganya na maji unapulizia mche ukiwa mdogo, alafu mche unakimbia kukua na wakati huohuo unajijengea kinga ya ukungu na wadudu. Jina la kampuni siliweki hapa sababu za aina hii ziko nyingi na lebo zinafanana karibu neno kwa neno, kwahiyo nachosema kinagusa aina nzima ya bidhaa. Nimeitumia kwenye nyanya, pilipili hoho na kabichi, na pembeni nikaweka trei za kulinganishia zilizopuliziwa maji matupu, mbegu za pakiti moja, udongo uleule, mwanga uleule.

Nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili ni za mizizi na za mbegu kuota kwa pamoja. Kinga sikuiona, na ukuaji inaoutoa sio ule mtu anautaka kwenye trei.

Naanza na kinachoonekana kwanza, sababu ndicho kinachouza hii dawa. Baada ya kupulizia, nyanya zinaruka juu kweli. Kile kipande cha shina kati ya udongo na majani ya mbegu kinarefuka mpaka ukisimama mbali unaona kabisa trei ipi imepata dawa na ipi haijapata, na mtu asiyezoea miche ataona hapa kazi imefanyika. Sogea karibu sasa. Shina jembamba, rangi imepauka, majani yamekaa mbalimbali, na ukimwagilia na kopo lenye matundu makubwa kidogo miche inalala. Zile za maji matupu fupi, nene, kijani iliyoiva, zimesimama. Mimi kama ndio nachagua mche wa kupeleka shambani nachukua ule mfupi bila kufikiria mara mbili.

Hiyo ni kazi ya jiberelini na historia yake kila mwenye kitalu angepaswa kuijua. Hii homoni haikugunduliwa na mtu aliyekuwa anatafuta mbolea. Ilitokana na ugonjwa. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani Eiichi Kurosawa alikuwa anachunguza ugonjwa wa mpunga ambao miche yake inarefuka kupita kiasi, inapauka, inaanguka na mara nyingi inakufa bila kutoa nafaka ya maana. Alichukua majimaji ambayo kuvu wa ugonjwa huo alikuwa ameotea, akayachuja kuvu mwenyewe asiwepo kabisa, akayaweka kwenye miche mizima, nayo ikarefuka vilevile. Kumbe kuvu anatoa kitu. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akakipa hicho kitu jina la jiberelini kutokana na jina la kuvu, Gibberella, na baadaye ndio ikaja kujulikana kwamba mimea yenyewe inaitengeneza ndani kwa kiasi kidogo sana kwa matumizi yake. Kwahiyo ukiona mche umerefuka hivyo ujue adui mmoja wa mpunga alianza zamani sana kuitumia njia hiyohiyo kwa faida yake.

Na sio yeye peke yake. Bakteria Agrobacterium tumefaciens, yule anayesababisha uvimbe kwenye shina, anaingiza kwenye seli za mmea jeni za kutengeneza auksini na sitokinini, seli zinaanza kugawanyika ovyo na yeye anapata makazi na chakula. Rhodococcus fascians anatumia sitokinini kuvuruga machipukizi. Ukiwaangalia hawa wote utaona wanachokoroga ni homoni za ukuaji, na mimi hapo ndipo nilipoanza kuitazama hii lebo kwa jicho lingine, sababu kama maadui wa mche wanapata nafasi kwa kumsukuma akue vibaya, inakuaje chupa inisukumie mche wangu kwa homoni hizohizo alafu iniahidi kinga?

Sasa ndani ya mche kinachoendelea ni hivi, na nitakieleza kirefu kidogo sababu bila hiki mtu hataelewa kwa nini nimetoa nyota mbili.

Kwenye seli za mche kuna kundi la protini zinaitwa DELLA. Kazi yake ni breki ya ukuaji. DELLA zikiwepo nyingi, zinazishika protini nyingine zinazoitwa PIF, zile za kuamrisha shina lirefuke, kwahiyo shina linatulia. Jiberelini ikiingia inakaa kwenye kipokezi chake kinaitwa GID1, hicho kipokezi kikishaishika jiberelini kinaikamata DELLA, DELLA inawekewa alama ya kuharibiwa na seli inaisagasaga. Breki imetoka, PIF ziko huru, shina linaruka. Mpaka hapo ni habari ya ukuaji tu.

Ila DELLA ina kazi nyingine. Upande wa kinga kuna homoni inaitwa jasmonati, ndio ile ambayo mmea unaitoa kwa wingi kiwavi akitafuna jani. Kwa kawaida jeni za kinga zimezuiwa na protini za JAZ, ambazo zinamkalia bosi wa kuziwasha anayeitwa MYC2. Kiwavi akitafuna, jasmonati inapanda, JAZ zinasagwa, MYC2 anakuwa huru na mmea unaanza kutengeneza vitu vya kumtesa kiwavi, mfano zile protini zinazomzuia asimeng'enye chakula tumboni, ambazo Clarence Ryan na mwenzake walizionyesha kwenye nyanya iliyojeruhiwa tangu mwaka 1972. Sasa DELLA na JAZ zinashikana zenyewe kwa zenyewe. DELLA zikiwa nyingi zinazishika JAZ, JAZ zikishikwa haziwezi kumkalia MYC2 vizuri, kwahiyo kinga inakuwa karibu na kuwaka. Zikiondolewa DELLA na jiberelini, JAZ zinarudi kwa MYC2 na kinga ya jasmonati inashuka.

Umeona? Protini ileile inayozuia shina lisirefuke ndiyo inayosaidia kinga ya wadudu. Ukipulizia jiberelini umeiondoa kwa kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Na kinyume chake pia ni kweli, jasmonati ikipanda inachelewesha kuharibiwa kwa DELLA, ndio maana mmea ulioliwa sana unadumaa hata kama majani bado yapo ya kutosha. Haya yamefanyiwa kazi sana kwenye mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, na sehemu kwenye mpunga pia, sio hadithi za watu wa kuuza dawa.

Tena na hapa kuna undani ambao sio wa kuupita. Kuondoa DELLA hakuharibu kinga zote. Arabidopsis iliyoondolewa DELLA inaumwa zaidi na vimelea vya ile aina inayoua tishu kwanza ndio vinakula, mfano kuvu wa Alternaria, lakini inavumilia zaidi bakteria Pseudomonas syringae anayetegemea tishu ibaki hai, sababu upande wa asidi ya salisiliki unapata nguvu. Mtu wa lebo angeweza kunijibu hivyo, kwamba ndio maana tumeweka na asidi ya salisiliki. Sawa, tuiangalie basi hiyo asidi.

Asidi ya salisiliki ni homoni ya kinga ya kweli, hilo silipingi hata kidogo. Mwaka 1979 Raymond White alidunga aspirini, ambayo ni ya jamii ya asidi hii, kwenye majani ya tumbaku, na tumbaku ikawa na dalili chache zaidi za virusi vya batobato la tumbaku. Na kabla yake, mwaka 1961, A. F. Ross alishaonyesha kwamba tumbaku ikiambukizwa kwenye majani machache, majani mengine ya mbali nayo yanapata kinga. Baadaye ikaeleweka kwamba asidi hii ni sehemu muhimu ya huo mfumo na inafanya kazi kupitia protini inaitwa NPR1. Lakini ni kinga ya nani dhidi ya nani? Ni ya vimelea vinavyokula tishu ikiwa hai, mfano ubwiri, na baadhi ya bakteria na virusi. Kwa viwavi na kwa kuvu wanaoua tishu kwanza, mmea unategemea zaidi jasmonati ikisaidiana na ethilini, homoni nyingine ambayo ni gesi. Na hizi pande mbili mara nyingi zinakandamizana, salisiliki ikipanda jasmonati inashuka. Pseudomonas syringae analijua hili vizuri mno, anatengeneza sumu inaitwa koronatini inayofanana na jasmonati, anaudanganya mmea kwamba unaliwa na kiwavi, salisiliki inashuka, hata vile vitundu vya kupumulia kwenye jani vilivyokuwa vimefungwa kumzuia vinafunguka tena, yeye anaingia.

Sasa niambie, kwenye trei ya miche adui namba moja ni nani? Ni kinyausi. Kila mtu mwenye kitalu amemwona, mche unasinyaa pale usawa wa udongo, shina linakuwa kama limebanwa na kidole, asubuhi unakuta umelala na kesho yake wa jirani. Wanaosababisha ni Pythium, Rhizoctonia na jamaa zao, na hawa wanaua tishu haraka wapate kula. Mwaka 1998 ilichapishwa kazi ya Arabidopsis isiyoweza kutengeneza jasmonati, ikawekwa na Pythium, nyingi zikafa wakati zile za kawaida nyingi zilibaki hai, na zile zisizo na jasmonati zilipopewa methili jasmonati (aina mojawapo ya jasmonati) kwa nje zikapona karibu kama za kawaida. Kwahiyo kwa mche mdogo homoni unayotaka iwe tayari ni jasmonati. Na chupa inakuletea jiberelini, inayotoa DELLA na kuishusha jasmonati, pamoja na salisiliki, ambayo nayo inaweza kuishusha jasmonati. Pande zote mbili zinavuta chini kitu kilekile unachokihitaji.

Kwenye trei zangu kinyausi alikuja kwenye zile zilizopuliziwa na kwenye za maji matupu pia, tofauti ya maana sikuiona, na zilizopuliziwa ndizo zilizolala kwa urahisi zaidi sababu shina lilikuwa jembamba. Sisemi dawa ndio imeleta ugonjwa, kinyausi analetwa na udongo wenye vimelea na maji mengi. Nasema lebo imeandika inakinga, na mimi sikuona ikikinga. Vidukari nao walikaa kwenye pilipili kwa raha zao, na hapo nilitegemea kidogo sababu machipukizi yaliyolainika hivyo wanayapenda.

Kuna jingine kuhusu salisiliki ambalo linanisumbua zaidi kwenye huu mchanganyiko. Asidi hii inakandamiza kazi ya auksini ndani ya mmea. Auksini inafanya kazi kwa kuondoa protini za kuzuia zinazoitwa Aux/IAA, kupitia kipokezi TIR1 kilichotambulika mwaka 2005. Salisiliki inazifanya hizo protini za kuzuia zidumu. Mmea una sababu nzuri ya kufanya hivyo, wakati wa kuumwa unazima auksini sababu vimelea vingi vinaitumia. Sasa mtengenezaji ameweka auksini na salisiliki chupa moja. Moja inasema fungua, nyingine inasema funga. Kwa viwango gani ipi inashinda? Lebo haisemi, na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Lebo haina ppm, yaani sehemu kwa milioni, kipimo cha kiasi cha kila homoni kilichomo. Imetaja majina tu ya homoni. Jamani homoni sio mbolea ya samadi kwamba ukizidisha koleo moja hakuna shida. Auksini kwa kiasi kidogo inasaidia mizizi ya pembeni kutoka, kwa kiasi kikubwa zaidi inazuia mzizi kurefuka, inaamsha mmea utoe ethilini, na ukiendelea kupandisha inaua. 2,4-D, dawa ya magugu inayojulikana dunia nzima tangu miaka ya 1940, ni auksini ya kutengenezwa. Yaani kundi lilelile la kemikali, kwa kiwango hiki ni la kuotesha mizizi na kwa kiwango kile ni la kuua mmea. Mtu anakuandikia "ina auksini" bila kusema ipi na kiasi gani, amekuambia nini hapo?

Na sio kiasi cha kila moja peke yake, ni uwiano. Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha mwaka 1957 kwa tishu za tumbaku kwenye chupa za maabara kwamba auksini ikiwa nyingi kuliko sitokinini zinatoka mizizi, sitokinini ikizidi yanatoka machipukizi, zikiwa za wastani tishu inabaki donge tu linakua bila umbo. Homoni mbili zilezile, matokeo matatu tofauti. Na kwenye mche mzima sitokinini inazuia mizizi ya pembeni isianze wakati auksini inaisukuma ianze. Kwahiyo chupa yenye zote mbili bila uwiano kuandikwa inaweza kukuletea mizizi au ikakunyima, unabahatisha.

Haki yake niitoe sasa. Nilipoichovyea vipandikizi vya nyanya, yaani yale machipukizi ya kwapani unayoyakata, mizizi ilitoka mapema na kwa wingi kuliko vilivyowekwa kwenye maji matupu, na ni tofauti inayoonekana bila kubishana. Nyanya inaotesha mizizi kirahisi yenyewe, ila hata hivyo ilisaidia. Nadhani ni auksini ndiyo iliyofanya kazi, na kama ni ile ya IBA, aina ya auksini inayotumika sana kuoteshea mizizi, basi inaeleweka, sababu IBA inakaa muda mrefu bila kuharibika kuliko auksini asilia ya mmea ambayo mwanga unaivunja upesi. Lakini kama unataka mizizi tu ziko poda za kuoteshea mizizi zenye IBA peke yake, nguvu yake imeandikwa kwa asilimia, unajua unachoweka.

Pia kuloweka mbegu. Mbegu za pilipili nilizoloweka kwenye dawa iliyoongezwa maji zilitoka kwa pamoja zaidi, trei ikawa haina mapengo mengi. Hapo napo sababu iko wazi, kuota kwa mbegu ni mvutano wa asidi ya abisisiki inayoishikilia mbegu ilale na jiberelini inayoiamsha. Mbegu ikiamka jiberelini inaamuru vimeng'enya vya kuvunja akiba ya chakula na kulainisha sehemu inayozuia mzizi kutoka. Kuiongezea kidogo kutoka nje kunaisukuma. Kwa mbegu zenye usingizi mzito itasaidia hata zaidi, mfano saladi ya aina inayodai mwanga ili iote inaweza kuota gizani ukiipa jiberelini. Kwa mbegu za kabichi ambazo zinaota zenyewe bila kusukumwa sikuona faida yoyote.

Dondoo la mwani sina la kusema sana, limechanganywa na vingine kwahiyo siwezi kulipima peke yake. Tuendelee.

Kitu ambacho mimi kimenifurahisha kwenye kuisoma hii habari, na ndicho kinachofanya niione hii chupa haina ulazima, ni kwamba hizo homoni mche anazo tayari na unaweza kuzielekeza kwa vitu ambavyo havitoki dukani. Mwanga kwanza. Mmea una kipokezi cha mwanga kinaitwa fitokromu B, kinapima mwanga mwekundu kwa ule mwekundu wa mbali ambao macho yetu hayauoni vizuri. Majani yanafyonza mwekundu na kuurudisha ule wa mbali, kwahiyo mche uliobanwa na wenzake unajua umebanwa hata kabla haujafunikwa na kivuli chenyewe. Fitokromu B ikilala, PIF zinaongezeka, auksini inapanda, shina linarefuka kutafuta jua, na kwa wakati huohuo mwitikio wa jasmonati unapungua. Yaani kubana miche kunakupa kilekile nilichokipata kwenye trei ya dawa, mche mrefu usio na ulinzi. Panua nafasi, toa miche iliyozidi mapema, leta mwanga wa kutosha, hapo umeshika PIF na jasmonati kwa pamoja kuelekea upande unaoutaka.

Pili, upepo na kugusa. Hili wengi wanalifanya kwa mazoea bila kujua linagusa wapi. Ukipitisha mkono juu ya miche taratibu kila siku au ukaweka feni ya upepo mdogo, miche inakuwa mifupi na shina nene. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwa Arabidopsis kwamba mabadiliko hayo ya kuguswa yanahitaji jasmonati, mimea isiyoweza kuitengeneza inaguswa na haibadiliki, na mimea iliyoguswaguswa ilistahimili zaidi kuvu wa Botrytis na viwavi wa kabichi. Tahadhari tu, usiguse majani yakiwa na maji wala kama umeshaona ugonjwa kwenye trei, utausambaza kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa nisije nikaonekana nasema ukuaji na kinga haviwezi kukaa pamoja milele. Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya Gregg Howe, Chuo Kikuu cha Michigan State, waliondoa jeni tano za JAZ na kuzima fitokromu B kwenye Arabidopsis moja, wakapata mmea unaokua na kujikinga vyote viwili. Ina maana ule mvutano hautokani na mmea kukosa chakula cha kutosha kwa kazi mbili tu, sehemu kubwa ni jinsi amri zilivyounganishwa. Ila mwaka 2018 maabara hiyohiyo ilipoondoa jeni kumi za JAZ mmea ukawa na kinga kali sana lakini ukadumaa, ukaonyesha dalili za njaa ya kaboni na mbegu zikapungua. Kwahiyo kuna mpaka. Na yote hayo yamefanyika kwa kubadili jeni, hakuna chupa ya kupulizia inayogusa jeni tano za JAZ kwa usahihi huo.

Kilicho karibu zaidi na bidhaa ya kweli ni kuiandaa kinga bila kuiwasha. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya mbegu za nyanya zilizolowekwa kwenye asidi ya jasmoniki (ni ya kundi la jasmonati), mimea iliyotoka ilibaki na kinga bora dhidi ya wadudu kwa wiki kadhaa na ukuaji haukuumia. Hiyo ndiyo bidhaa ningenunua. Inatenganisha muda, mbegu inapata taarifa ya kinga mwanzoni alafu mche unaachwa ukue na homoni zake mwenyewe, na mwitikio unakuja haraka pale tu mdudu anapofika. Tofauti yake na kumwaga amri za kukua na za kujikinga juu ya jani moja asubuhi moja ni kubwa sana, na watengenezaji wa hizi chupa za vyote-kwa-pamoja naona hawajaifikiria au wameamua kuiacha sababu chupa moja ni rahisi kuuza.

Nani ainunue basi? Mtu wa vipandikizi, inaweza kumfaa kama hapati poda ya IBA. Mtu mwenye mbegu ngumu kuota, aloweke tu, asipulizie. Mtu wa miche ya mboga ya kupeleka shambani, aachane nayo, hasa kama trei zake zina mwanga hafifu, sababu miche yake tayari inarefuka na hii itaimalizia. Na kwa mtu ambaye shida yake ni kinyausi, pesa yake aipeleke kwenye udongo safi uliopashwa moto, trei zilizooshwa, kumwagilia asubuhi badala ya jioni na kuacha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya maji mengine.

Kama mtengenezaji wa mojawapo ya hizi anapita hapa, naomba kwa dhati: andika ni auksini ipi, andika ppm ya kila homoni, andika imetengenezwa lini sababu jiberelini kwenye maji haidumu, toa salisiliki kwenye chupa ya kukuzia uiuze peke yake pamoja na maelezo ni ya magonjwa gani, na futa neno wadudu kwenye lebo. Ukifanya hivyo ya mizizi nitaijaribu tena na nitarudi hapa kupandisha nyota. Hii niliyonayo iliyobaki inaenda kwenye vipandikizi vya nyanya mpaka iishe.